Namna ya Kuhamisha Kanuni za Vibali vya Magari Yaliyozidi Vipimo kutoka Idara Moja ya Jimbo hadi Nyingine

Nchini Marekani, lori linalobeba transfoma, boriti ya daraja au nyumba nzima iliyong'olewa mahali pake haliwezi kuingia barabarani bila kibali, kwa kuwa limepita vipimo vilivyowekwa na sheria. Vipimo hivyo vina tabaka mbili. Serikali ya shirikisho imeweka kikomo cha ratili 80,000 kwa uzito wote wa gari kwenye barabara za Interstate (barabara kuu zinazounganisha majimbo), yaani tani 36 na ushei, pamoja na ratili 20,000 kwa ekseli moja na 34,000 kwa ekseli pacha; upana imeuwekea inchi 102. Kimo haikukigusa, na kwa hiyo kila jimbo limejiwekea lake, kama Texas ilivyochagua futi 14. Mzigo unaopita hapo na usiogawanyika huhitaji ruhusa ya jimbo. Kanuni za shirikisho zinasema mzigo haugawanyiki ikiwa kuutenganisha kungepoteza thamani yake, kungeharibu kazi uliyokusudiwa, au kungechukua zaidi ya saa 8 za kazi kwa vifaa vinavyofaa.

Serikali ya shirikisho imeyaachia majimbo yenyewe uamuzi wa ofisi itakayotoa ruhusa hiyo. California na jimbo la Washington wameiacha kwa idara zao za uchukuzi, zile zinazojenga barabara na kuzitunza. Virginia na Texas wameiweka kwa idara za magari, zile zinazosajili magari na kushughulika na wasafirishaji. Kila mpango una hoja yake: wa kwanza unakiweka kibali karibu na mhandisi wa madaraja, na wa pili unakiweka karibu na mteja. Jimbo linapobadili mawazo, kazi ya kuhamisha kanuni huangukia watu wachache, aghalabu wanasheria wa idara mbili na mkuu wa kitengo cha vibali. Mwongozo huu unawalenga wao, pamoja na msafirishaji au mwanafunzi wa utawala anayetaka kujua uhamisho wa namna hii hufanyika vipi.

Texas ni mfano mzuri kwa sababu uhamisho wake ulikwenda kwa hatua. Mwaka 2009 Bunge la jimbo lilitunga sheria ya kuunda Idara ya Magari, ambayo ilianza kazi Novemba 1 ya mwaka huohuo ikiwa na shughuli zilizokuwa zikifanywa na Idara ya Uchukuzi. Vibali vya mizigo iliyozidi vipimo havikwenda wakati huo. Vilisubiri hadi mwaka 2011, Bunge lilipopitisha mswada wa Seneti namba 1420 uliohusu Idara ya Uchukuzi kwa jumla, na kuanzia Januari 1, 2012 mamlaka ya kuvitoa yakawa ya Idara ya Magari.

Kabla ya kuandika lolote, tenganisha kazi tatu ambazo watu huzichanganya kwa kuwa kwa miaka mingi zimefanywa chini ya paa moja au kwa simu moja. Ya kwanza ni kutoa kibali: kupokea maombi, kutoza ada, kuandika masharti na kupanga njia. Ya pili ni kujua barabara inaweza kustahimili nini, yaani nguvu za madaraja, vimo vya chini ya madaraja na sehemu zilizofungwa kwa ujenzi. Ya tatu ni kulikamata gari barabarani na kulipima kwenye mizani. Uhamisho wa kawaida huhamisha kazi ya kwanza tu. Ya pili hubaki kwa wanaojenga barabara, na ya tatu hubaki kwa askari, ambao kwa Texas wako chini ya Idara ya Usalama wa Umma. Ukiandika kwa mkato kwamba "mambo yote ya magari yaliyozidi vipimo yanahamia idara mpya", utakuwa umeihamishia idara isiyo na mhandisi hata mmoja wa madaraja jukumu la kujua kama daraja litabeba tani 115. Makosa mengine yatakayotajwa hapa hurekebishika kwa barua. Hilo hurekebishika kwa sheria nyingine tu, na Bunge la Texas hukutana katika kikao cha kawaida kwa siku 140, tena katika miaka ya witiri pekee.

Sheria ya uhamisho

Kanuni haihami kabla ya mamlaka yaliyoizaa kuhama. Idara hutunga kanuni kwa sababu sheria iliyopitishwa na Bunge imeipa uwezo huo, na kanuni isiyo na sheria nyuma yake hufutwa na mahakama ya kwanza itakayoulizwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuorodhesha kila kifungu cha sheria kinachotaja vibali. Katika Texas vingi vimo katika sura za 621, 622 na 623 za Sheria ya Uchukuzi, lakini usiishie hapo. Tafuta pia katika sheria za ada, za kaunti na za bandari. Kuna mamlaka za bandari, ile ya Brownsville ikiwemo, zilizopewa uwezo wa kutoa vibali vyao kwa njia maalumu, na vifungu vya aina hiyo husahaulika kwa urahisi.

Katika sheria yenyewe, kifungu cha mpito ndicho kitakachosomwa na watu wengi zaidi kuliko vyote, ingawa huandikwa mwisho, watu wakiwa wamechoka. Kiseme kwamba kanuni zilizopo zinaendelea kuwa na nguvu kama kanuni za idara mpya hadi zitakapobadilishwa. Kwamba kibali kilichotolewa na idara ya zamani kinabaki halali hadi tarehe yake ya kwisha. Kwamba maombi, rufaa na mashauri ya adhabu yaliyo njiani yanaendelea mbele ya idara mpya bila kuanza upya. Na kwamba mikataba, mali, kumbukumbu na fedha zilizotengwa kwa kazi hiyo zinafuata kazi. Kiseme pia kwamba popote sheria nyingine inapoitaja idara ya zamani kuhusu vibali, isomwe kuwa inaitaja mpya. Sentensi hii ya mwisho huokoa mengi, lakini isigeuzwe kisingizio cha kuacha kurekebisha vifungu vinavyojulikana, kwa kuwa askari aliye kando ya barabara hasomi vifungu vya mpito.

Umuhimu wa jambo hili huonekana kwenye muda wa vibali. Kibali cha kawaida cha safari moja katika Texas hudumu siku 5, kwa hiyo kile kilichotolewa siku chache kabla ya tarehe ya uhamisho huanza safari chini ya idara moja na kuimaliza chini ya nyingine. Kile cha mwaka huishi muda mrefu zaidi: jimbo hilo huuza kibali cha mwaka kwa dola 4,000, na msafirishaji aliyekwisha kuzilipa hatakubali kuambiwa kwamba karatasi yake imekufa kwa sababu ofisi mbili zimebadilishana samani.

Kuhamisha kanuni zenyewe

Zipo njia mbili. Njia ya kwanza ni idara ya zamani kufuta kanuni zake na idara mpya kutunga zake kwa utaratibu kamili. Texas, sheria ya taratibu za utawala hudai kanuni inayopendekezwa itangazwe katika gazeti rasmi la jimbo, Texas Register, na wananchi wapewe notisi ya siku zisizopungua 30 kabla haijapitishwa. Ikishapitishwa, kwa kawaida huanza kutumika siku 20 baada ya kuwasilishwa kwa Katibu wa Jimbo. Pendekezo likikaa miezi 6 tangu kuchapishwa bila kupitishwa wala kuondolewa, hujifia lenyewe. Njia ya pili ni ya kiutawala: kwa kuwa Bunge limekwisha kuamua, kanuni huchukuliwa jinsi zilivyo na kupewa makao mapya kwa tangazo, bila kutungwa upya. Ndivyo kanuni za mizigo iliyozidi vipimo zilivyotoka Sura ya 28 ya Idara ya Uchukuzi hadi Sura ya 219 ya Idara ya Magari, zote zikiwa chini ya Fungu la 43 la kanuni za Texas.

Kwa maoni yangu njia ya pili ndiyo bora karibu kila mara, na sababu si uvivu. Kutunga upya hufungua kila jambo kwa mjadala. Anayechukia sharti la gari la kusindikiza atalileta, anayetaka ada ipungue ataileta, na uhamisho uliopaswa kuwa wa nyumba utageuka kuwa wa sera. Hamisha kwanza maneno yaleyale. Subiri miezi michache. Kisha anza marekebisho ya kweli kwa utaratibu wake, kila moja na sababu yake. Kanuni ya dharura nayo isiwe mpango wako, kwani huko Texas kanuni hiyo hudumu siku zisizozidi 120 na kurefushwa mara moja tu kwa siku 60, na inakusudiwa hatari ya ghafla, ilhali tarehe ya kuhamia ilijulikana tangu gavana aliposaini mswada.

Hata ukichukua njia ya pili, itakubidi kushughulika na neno "idara". Katika kanuni za zamani limefasiliwa mwanzoni kuwa Idara ya Uchukuzi, kisha likatumika mamia ya mara. Kishawishi ni kubadili fasili ile moja tu na kuacha mengine. Usifanye hivyo kabla ya kusoma kila mahali neno lilipo, kwa sababu walioandika kanuni walilitumia kwa maana mbili bila kujua: mara idara kama mtoaji wa kibali, mara idara kama mwenye barabara. Sentensi "idara itatoa kibali baada ya kupokea ada" inahusu mtoaji, nayo ihame. Sentensi "mwombaji atailipa idara gharama ya uharibifu wa daraja" inahusu mwenye barabara, nayo ibaki. Na sentensi "mhandisi wa idara ataidhinisha njia" ina watu wawili ndani yake. Inapaswa kuvunjwa, mmoja athibitishe uwezo wa daraja na mwingine atoe hati. Chapa nakala ya kanuni, chukua kalamu mbili za rangi tofauti, na upake kila "idara" rangi yake. Utafutaji wa kompyuta utakuonyesha neno lilipo. Hautakuambia linamaanisha nani.

Fanya vivyo hivyo kwa vyeo. Idara ya Uchukuzi ya Texas husimamiwa na tume ya watu watano, na Idara ya Magari na bodi ya watu tisa. Pale kanuni ya zamani inaposema "tume", iangaliwe kama inahusu kutunga kanuni, kusikiliza rufaa au kuidhinisha mkataba, maana bodi mpya inaweza kuwa imempa mkurugenzi wake baadhi ya kazi hizo. Anwani, namba za fomu, majina ya vitengo na marejeo ya sura nyingine pia hubadilika. Hayo ni madogo, na karani makini huyamaliza kwa siku chache.

Daraja na karatasi

Sasa tufike pagumu. Idara mpya inapata mamlaka ya kuliambia lori lipite njia fulani, lakini ujuzi wa njia hiyo unabaki kwingine. Zamani ofisa wa vibali aliyekuwa na shaka alitembea hadi kwa mhandisi aliyekuwa jengo moja naye. Baada ya uhamisho, shaka hiyo inageuka kuwa maombi rasmi kati ya idara mbili zenye bajeti mbili na wakuu wawili, na kama hakuna sheria inayolazimisha jibu, jibu litachelewa.

Hatari yake si ya kufikirika. Mei 23, 2013, katika jimbo la Washington, lori lenye kibali lililobeba mzigo mrefu kwenda juu liligonga vyuma vya juu vya daraja la barabara ya Interstate 5 juu ya mto Skagit, na sehemu moja ya daraja ikaanguka majini. Watu watatu walitumbukia na magari yao, wakaokolewa wote. Vyuma vya daraja lile vilikuwa na umbo la upinde, kwa hiyo nafasi iliyokuwapo juu ya njia ya kando ilikuwa ndogo kuliko ile ya katikati. Washington haikuwa imehamisha kitu. Kibali kilitolewa na idara ileile inayomiliki daraja. Kama kimo cha daraja kinaweza kumpita mtoaji wa kibali aliye ndani ya nyumba moja na mhandisi, fikiri basi nyumba zikiwa mbili.

Kwa sababu hiyo, wajibu wa kutoa taarifa uandikwe katika sheria na usiachiwe makubaliano ya heshima. Texas ilifanya hivyo: sheria inaitaka Idara ya Magari ipange njia kwa kutegemea taarifa za Idara ya Uchukuzi, na inaitaka Idara ya Uchukuzi itoe taarifa hizo inapoombwa. Juu ya msingi huo idara mbili ziandikiane hati ya makubaliano yenye mambo mahususi. Kimo cha kila daraja kipimwe na kurekodiwa kwa kila njia ya gari, kwani namba moja kwa daraja zima haitoshi. Taarifa za ujenzi na kufungwa kwa barabara zimfikie mtoaji wa vibali kabla ya kazi kuanza, na awepo ofisa mwenye cheo kinachotajwa, wala si "ofisi husika", anayewajibika kuzituma. Iwepo namba ya kupiga usiku na sikukuu, maana madaraja hugongwa pia siku ambazo ofisi zimefungwa.

Mizigo mizito kupita kiasi itengewe utaratibu wake. Texas, gari linalopita ratili 254,300 haliruhusiwi mpaka uchambuzi wa kihandisi wa madaraja yote yaliyo njiani ufanyike. Andika nani anapokea uchambuzi huo, nani anaukagua, na kwa muda gani. Andika pia kwamba neno la mhandisi la kukataa halibatilishwi na ofisa wa vibali kwa sababu mteja ana haraka. Mpangilio wa zamani haukuhitaji sentensi hiyo kwa kuwa wote wawili walikuwa na bosi mmoja.

Watu, mfumo na fedha

Kuhusu watu sina mengi: wahamishe walewale. Ofisa aliyepanga njia kwa miaka kumi hajui tu kanuni. Anajua mzunguko upi trela ndefu haiwezi kuukata na kaunti ipi hupiga simu ya kulalamika. Texas ina kaunti 254, nazo zina barabara zao ambazo kibali cha jimbo hakizitawali kwa namna ileile. Mtu huyo akichagua kubaki katika idara ya zamani kwa sababu ya kituo chake cha kazi au cheo, ujuzi wake haujahama hata kama meza yake imehama.

Mfumo wa kompyuta usibadilishwe siku moja na uhamisho. Hati mpya ya utawala na programu mpya kwa pamoja hufanya isiwezekane kujua kosa limetoka wapi. Aidha, mfumo wa zamani huenda unatumia seva na ramani za idara ya zamani; kubalianeni mapema nani ataulipia, nani ataurekebisha ukianguka, na ramani za barabara zitafika vipi kwa mmiliki mpya wa mfumo kila zinaposahihishwa.

Fedha zina mtego wa kalenda. Mwaka wa fedha wa Texas huanza Septemba 1, kwa hiyo uhamisho wa Januari 1 huangukia mwezi wa tano, na bajeti inayohama ni ya miezi minane iliyobaki. Mishahara hugawanyika vizuri kwa miezi, lakini mikataba ya mwaka na matengenezo ya mfumo hayagawanyiki hivyo. Mgawanyo wa ada nao uguswe kwa uangalifu, kwa kuwa sehemu ya mapato ya vibali huenda kwenye mfuko wa barabara kuu na sehemu ya baadhi ya vibali hurudi kwa kaunti. Msarifu wa idara mpya apewe, kwa maandishi, kila aina ya kibali na mahali pesa yake inapokwenda, kabla hajapokea dola ya kwanza.

Siku ya kuhamia na baada yake

Watangazie wasafirishaji mara mbili: mara moja sheria inaposainiwa na mara nyingine wiki chache kabla ya tarehe. Tangazo la pili liwe fupi, likiwaambia mahali pa kuomba, jina la kumlipa na kwamba kibali walicho nacho hakihitaji kubadilishwa. Kampuni zinazopitisha mizigo kutoka jimbo hadi jimbo ndizo zitakazokosea zaidi, kwani zinashughulika na ofisi nyingi kwa wakati mmoja na mara nyingi huomba kupitia mawakala wanaotumia fomu walizozihifadhi zamani.

Kuna hesabu moja ya shirikisho inayosahaulika. Kila jimbo hulazimika kuthibitisha kwa Utawala wa Shirikisho wa Barabara Kuu, kabla ya Januari 1 ya kila mwaka, kwamba linasimamia sheria zake za vipimo na uzito, na taarifa hiyo hutaka idadi ya vibali vya uzito vilivyotolewa. Uhamisho ukitokea katikati ya kipindi kinachoripotiwa, idara ya zamani ina takwimu za nusu moja na mpya za nusu nyingine, na mara nyingi zimehesabiwa kwa namna mbili. Idara ya zamani ikabidhi hesabu zake siku ya kuhamia, zikiwa zimetenganisha vibali vya safari moja na vya muda, na vya mizigo inayogawanyika na isiyogawanyika. Akiombwa miezi tisa baadaye, aliyezijua atakuwa amekwisha hamia kitengo kingine.

Mwisho, waandikie askari wa mizani waraka wa ukurasa mmoja wenye picha za hati zote mbili, ya zamani na mpya, pamoja na namba ya simu ya kuhakiki kila moja. Kibali cha mwaka kilichotolewa siku ya mwisho ya idara ya zamani kitaendelea kuonyeshwa madirishani mwa malori kwa miezi kumi na miwili, kikiwa na nembo ya ofisi isiyotoa tena vibali, na ni halali hadi saa yake ya mwisho. Ukurasa wa mtandaoni wa idara ya zamani na simu yake ya vibali visifungwe kabla ya tarehe hiyo.